Walker na wanagenzi wake: Nguvu na udhaifu wa Connecticut mwanzoni mwa msimu wa 2010-11

WAPENZI wa mpira wa vikapu wa Afrika Mashariki wanaolifahamu jina la Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, aghalabu walilisikia kwa mara ya kwanza kupitia kwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21 aliyekichezea chuo hicho kuanzia 2006 hadi 2009. Thabeet aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA mnamo 2009. Katika msimu wake wa mwisho, Connecticut ilifika nusu-fainali ya mashindano ya kitaifa ya vyuo. Miongoni mwa waliokuwa wakitoka benchi kuisaidia timu hiyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka mtaa wa Bronx, New York, aliyeitwa Kemba Walker.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Novemba 2010, Thabeet alikuwa ameshakwenda zake. Jerome Dyson, Stanley Robinson na Gavin Edwards, waliokuwa nguzo za ufungaji, walikuwa wamemaliza masomo. Aliyebaki ni Walker, sasa akiwa mwaka wa tatu, na nyuma yake kundi la wavulana ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kucheza hata mechi moja ya chuo.

Yaliyoipata timu hiyo kati ya Novemba 2010 na Aprili 2011 yangali ni mfano mzuri kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi timu ya chuo inavyopaswa kutathminiwa msimu ukiwa mchanga. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Katika mpira wa vikapu wa vyuo, nyota ya asubuhi ni moja tu. Nyingine hujificha hadi usiku wa manane.

Kwanza ifahamike kwamba timu ya chuo si kama kilabu cha kandanda. Kilabu huweza kukaa na kikosi kile kile miaka mitano. Chuo hupoteza wachezaji kila mwaka, ama kwa kuhitimu, ama kwa kuvutwa na fedha za NBA, ama kwa kuhamia kwingine. Kila Novemba kocha huanza kufinyanga chungu kipya kwa udongo ambao hajaujaribu motoni.

Ratiba nayo hupotosha. Majuma ya kwanza ya msimu, kabla ya mechi za ligi kuanza, vyuo vikubwa huvialika vyuo vidogo kuja kucheza katika kumbi zao. Mwenyeji hulipa, mgeni huchapwa, na kila mmoja hurudi kwake ameridhika. Ushindi wa namna hii hujaza safu ya matokeo lakini hausemi mengi. Ndiposa wajuzi hutafuta mechi mbili au tatu za mapema ambapo timu ilikutana na wapinzani wa hadhi yake, na kuzichunguza hizo kwa makini.

Connecticut ilianza msimu ikiwa haitarajiwi. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 18 na kupoteza 16, matokeo duni kwa chuo kilichotwaa ubingwa wa taifa 1999 na 2004. Makocha wa ligi ya Big East, iliyokuwa na vyuo 16 wakati huo, waliitabiria kumaliza katika nafasi ya 10. Haikuwamo katika orodha ya timu 25 bora inayopigiwa kura kila wiki na wanahabari wa shirika la Associated Press. Isitoshe, chuo kilikuwa kikichunguzwa na NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, kuhusu namna kilivyowatafuta wachezaji wapya. Kocha Jim Calhoun alikuwa na umri wa miaka 68, na walikuwapo waliouliza waziwazi iwapo zama zake hazikuwa zimepita.

Jambo la kwanza kuonekana lilikuwa Walker. Katika mechi ya pili ya msimu, dhidi ya Vermont, alifunga alama 42. Mpinzani alikuwa mdogo, kwa hivyo wengi walitikisa vichwa na kusubiri.

Hawakusubiri sana. Wiki hiyo iliyofuata timu ilisafiri hadi Hawaii kwa mashindano ya Maui, yanayochezewa katika ukumbi mdogo wa watu 2,400 katika mji wa Lahaina, mji ambao moto uliuteketeza Agosti 2023. Mechi zilikuwa tatu, katika siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza Connecticut iliibwaga Wichita State 83-79, na Walker akafunga alama 31, ambapo 29 kati ya hizo zilipatikana katika kipindi cha pili. Siku ya pili iliiduwaza Michigan State, timu iliyoorodheshwa ya pili nchini na ambayo ndiyo iliyomtoa Thabeet na wenzake katika nusu-fainali ya 2009. Matokeo yalikuwa 70-67, na Walker alifunga 30. Siku ya tatu, katika fainali, iliinyuka Kentucky 84-67. Walker alifunga 29.

Timu iliyokuwa nje ya orodha ya 25 bora iliruka hadi nafasi ya saba kwa wiki moja. Kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa ya nne.

Nguvu ya timu hiyo, basi, ilikuwa bayana kwa kila mwenye macho. Walker, mwenye kimo cha takriban mita 1.85, hakuwa mrefu. Silaha yake ilikuwa ni kasi, na zaidi ya kasi, uwezo wa kusimama ghafla. Alikuwa akimkimbilia mlinzi kana kwamba anakwenda hadi chini ya kikapu, kisha anakanyaga breki, anarudi hatua moja nyuma na kurusha huku mlinzi akipepesuka. Kujilinda na mwenye kasi kunawezekana. Hurudi nyuma na kumwachia nafasi. Lakini ukimwachia nafasi mtu anayejua kurusha, umemkaribisha. Hilo ndilo fumbo ambalo walinzi wa Michigan State na Kentucky walishindwa kulifumbua.

Nguvu ya pili haikuimbwa sana, na huenda ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi kwa siku za usoni. Ilikuwa ni kugombea mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, yaani ribaundi. Alex Oriakhi, kijana wa mwaka wa pili mwenye kifua kipana, alikuwa akipigana chini ya kikapu kama mtu anayedai urithi wake. Kando yake alikuwapo Charles Okwandu, Mnigeria mwenye kimo cha zaidi ya mita 2.1, ambaye mikono yake haikuwa na ustadi wa kufunga lakini urefu wake uliwalazimisha wapinzani kubadilisha mkondo wa mitupo yao. Roscoe Smith, wa mwaka wa kwanza, naye aliruka kwa mpira wowote uliokuwa hewani.

Umuhimu wa jambo hili unahitaji kuelezwa. Timu inayorusha vibaya lakini inayonyakua mpira wake yenyewe baada ya kukosa hupata nafasi ya pili, na wakati mwingine ya tatu. Connecticut haikuwa timu ya warushaji hodari wa mbali. Ilikuwa timu ya nafasi ya pili. Tena, ribaundi ni tabia isiyotegemea sana bahati ya siku. Mrushaji huamka siku moja mkono umepotea. Anayejua kusukuma, kujipanga na kuruka huamka na miguu ile ile.

Nguvu ya tatu ilitokana na Walker mwenyewe kwa njia isiyoonekana upesi. Kwa kuwa mpira ulikaa mikononi mwake muda mwingi, na kwa kuwa yeye haukumponyoka ovyo, timu hii changa haikupoteza mipira kama timu changa zinavyofanya kwa kawaida. Makosa ya wanagenzi yalifichwa kwa kutowapa nafasi ya kuyafanya.

Na hapo ndipo nguvu inapogeuka kuwa udhaifu.

Hebu tuzitazame hesabu za Maui. Katika mechi zile tatu Connecticut ilifunga jumla ya alama 237. Walker peke yake alifunga 90. Hizo ni karibu nne kati ya kila alama kumi, kutoka kwa mchezaji mmoja kati ya watano walio uwanjani. Aliwacheza wote watatu akiwa na usiku mmoja tu wa kulala kati ya mechi na mechi, na alipokuwa hafungi, yeye ndiye aliyekuwa akielekeza. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kwa siku tatu kule Hawaii kidole kimoja kilivunja chawa watatu, na wapo waliodhani kingeendelea hivyo hadi Aprili.

Swali ambalo kocha yeyote wa upande wa pili angejiuliza lilikuwa rahisi: ukimzuia Walker, ni nani mwingine atakufunga? Novemba 2010 jibu halikuwapo. Oriakhi alikuwa mvunaji wa mipira, si mfungaji wa kuombwa alama timu inapobanwa. Jeremy Lamb, wa mwaka wa kwanza, alikuwa na mikono mirefu na mtupo laini, lakini bado alikuwa akicheza kama mgeni aliyekaribishwa chakula na anayeona haya kuchovya mara ya pili. Shabazz Napier, mwelekezi msaidizi, alikuwa na ujasiri uliozidi maarifa yake. Niels Giffey alikuwa ametoka Berlin, Ujerumani, na bado alikuwa akizoea mchezo wa Kimarekani. Kwa jumla, wachezaji watano wa mwaka wa kwanza walikuwa wakitegemewa kila wiki.

Udhaifu wa pili ulikuwa ule wa kutowahi kucheza ugenini. Baada ya Hawaii, ambako hakuna aliyekuwa nyumbani, Connecticut ilirejea kwake na kucheza na New Hampshire, UMBC, Fairleigh Dickinson, Coppin State na Harvard. Ilishinda zote. Dhidi ya UMBC Walker alifikisha tarakimu mbili katika alama, ribaundi na pasi za kufungisha, jambo linalowafurahisha mno waandishi wa takwimu. Lakini New Hampshire iliwatoa jasho wenyeji hadi 62-55, na mtu makini angeona humo kwamba hizo alama 62 dhidi ya chuo kidogo zilikuwa ishara ya kisima chenye ndoo moja.

Mtihani ulikuja Desemba 27 mjini Pittsburgh, katika mechi ya kwanza ya ligi na ya kwanza ya ugenini halisi. Pittsburgh ilikuwa timu ya wanaume waliokomaa, iliyojua kulinda bila kukurupuka. Haikujaribu kumfuta Walker kabisa. Ilimwacha atafute alama zake kwa taabu, huku ikiwafungia mlango wengine. Walker alifunga 31. Connecticut nzima ilifunga 63, na kulazwa kwa alama 15: 78-63.

Mechi hiyo ingewekwa katika vitabu vya kufundishia. Alama 31 ni nyingi kwa mtu yeyote. Lakini mchezaji mmoja anapofunga karibu nusu ya alama za timu yake na timu ikashindwa kwa kishindo, tatizo haliwezi kuwa uvivu wake. Huenda hata likawa bidii yake. Wenzake walikuwa wamezoea kusimama na kutazama. Mtu anayetazama miguu yake hulala, na miguu iliyolala hailindi wala hairukii mpira. Mbinu ya Pittsburgh haikuwa na siri yoyote, nayo Big East ilikuwa na makocha 14 wengine wenye macho.

Ni vyema kutofautisha hapa udhaifu wa aina mbili, kwani wachambuzi wengi wa Novemba huuchanganya. Upo udhaifu wa kimaumbile. Timu fupi haitarefuka kufikia Machi. Timu ya wazito haitakuwa nyepesi. Mrushaji mbaya wa miaka mitatu hatabadilika kwa wiki kumi. Kisha upo udhaifu wa umri, yaani kutojua: kutojua ni wakati gani wa kurusha, kutojua jinsi ya kusaidia ulinzi upande wa pili, kuogopa kelele za ukumbi wa ugenini. Wa kwanza ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Wa pili ni homa ya kukua.

Udhaifu wa Connecticut ulikuwa kwa sehemu kubwa wa aina ya pili. Vijana hao walikuwa na urefu, wepesi na mikono. Walichokosa ni mechi. Calhoun, ambaye hakuwa na sifa ya upole, alikuwa akiwatoa kwa makosa madogo na kuwarejesha baada ya karipio, na aliendelea kuwarejesha hata walipomgharimu. Hapo ndipo penye uamuzi mgumu wa kocha wa chuo mwanzoni mwa msimu. Angeweza kumtegemea Donnell Beverly, mkongwe wa mwaka wa nne, na kupunguza makosa ya Desemba. Alichagua kuyalipia makosa hayo mapema.

Malipo yenyewe hayakuwa madogo. Januari ilikuwa na tabasamu zake: Walker alifunga kikapu cha ushindi katika muda wa ziada dhidi ya Texas, 82-81, na kingine katika sekunde za mwisho dhidi ya Villanova, 61-59. Lakini tazama tarakimu hizo tena. Alama moja, alama mbili. Timu ilikuwa ikiponea chupuchupu, na kila mara mkono uliookoa ulikuwa ule ule. Mwishoni mwa mwezi huo Louisville iliwashinda 79-78 baada ya vipindi viwili vya ziada. Februari ilipofika Walker alikuwa amechoka, na hilo si ajabu kwa mtu aliyekuwa akicheza zaidi ya dakika 37 kati ya 40 kwa wastani. Mitupo iliyokuwa ikizama Novemba ilianza kugonga chuma.

Connecticut ilipoteza mechi nne kati ya tano za mwisho za ligi. Ilimaliza ikiwa imeshinda tisa na kupoteza tisa, na kushika nafasi ya tisa. Wale makocha waliotabiri nafasi ya 10 walikuwa wamekosea kwa hatua moja tu. Katikati ya balaa hilo, NCAA ilitangaza Februari 22 kwamba Calhoun angekaa nje kwa mechi tatu za ligi msimu uliofuata kwa kushindwa kuhakikisha kanuni za usajili zinafuatwa.

Kama msimu ungeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi: timu ya mtu mmoja iling'aa Novemba na kuzimika Februari. Hayo ndiyo yaliyoandikwa na wengi wakati huo, na ushahidi ulikuwa upande wao.

Lakini rekodi ya 9-9 ilikuwa na la kuficha pia. Big East ya mwaka huo ilikuwa ligi ngumu kupita kiasi. Ilipeleka vyuo 11 katika mashindano ya kitaifa, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa na ligi yoyote. Kushindwa mara tisa katika ligi hiyo si sawa na kushindwa mara tisa kwingineko. Kila kichapo kilikuwa somo kutoka kwa mwalimu wa daraja la juu. Aidha, katika wiki hizo za giza Lamb alikuwa ameanza kuchovya bila haya.

Machi 8, 2011 timu hiyo iliingia ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa mashindano ya ligi. Kwa kuwa ilikuwa ya tisa, ilibidi ianze siku ya kwanza, na ili itwae kombe ilihitaji kushinda mechi tano katika siku tano. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Iliitandika DePaul 97-71, kisha Georgetown 79-62. Siku ya tatu ilikutana na Pittsburgh, wale wale wa Desemba. Matokeo yakiwa sare na sekunde zikiyoyoma, Walker alijikuta mbele ya mlinzi mrefu kuliko yeye, akamkimbilia, akakanyaga breki, akarudi nyuma na kurusha. Mlinzi alianguka. Connecticut ilishinda 76-74. Iliiondoa Syracuse 76-71 baada ya muda wa ziada, na kumaliza kazi kwa kuilaza Louisville 69-66.

Walker alifunga alama 130 katika siku hizo tano, na watu wengi hukumbuka hizo tu. Hata hivyo, timu ilifunga 397. Sehemu yake ilikuwa thuluthi moja, ikilinganishwa na karibu nusu katika kile kichapo cha Pittsburgh. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Uwanjani ilimaanisha kwamba mlinzi wa pili aliyekuwa akimkimbilia Walker sasa alikuwa akimwacha mtu anayejua la kufanya.

Katika mashindano ya kitaifa, yaliyokuwa na vyuo 68 kwa mara ya kwanza, mambo hayakwenda kwa mstari mnyoofu. Dhidi ya Bucknell Walker alitosheka na alama 18 na pasi 12 za kufungisha. Dhidi ya Cincinnati alilazimika tena kubeba mzigo, akafunga 33 kati ya 69. Dhidi ya San Diego State alifunga 36 kati ya 74, lakini mara hii Lamb alifunga 24. Wawili hao pamoja walifunga 60. Mtu aliyeiona timu hiyo mara ya mwisho pale Pittsburgh mwezi Desemba asingeamini kwamba mrushaji yule mwenye haya ndiye aliyekuwa akiitisha mpira.

Kisha mzigo ukashuka begani. Arizona ilifungwa 65-63. Katika nusu-fainali Connecticut ilikutana tena na Kentucky, iliyokuwa pia timu ya chipukizi na iliyokuwa imekua tangu Maui. Pengo la alama 17 la Novemba lilikuwa limepungua hadi moja, 56-55. Katika mechi tatu za mwisho Walker alifunga 54 kati ya alama 174 za timu, chini ya thuluthi moja.

Fainali ya Aprili 4 mjini Houston dhidi ya Butler haikuwa mechi ya kumwonyesha mtoto unayetaka apende mpira wa vikapu. Butler iliongoza 22-19 wakati wa mapumziko. Connecticut ilirusha mara 11 kutoka umbali wa alama tatu na kufunga mara moja tu. Udhaifu wa kurusha kwa mbali, ambao ulikuwapo tangu Novemba, haukuwa umepona. Ni wa ile aina ya kuzaliwa nao. Lakini ribaundi na ulinzi navyo vilikuwapo tangu Novemba. Mikono mirefu ya Oriakhi, Okwandu, Smith na Lamb iliiziba Butler kiasi kwamba ilifunga mara 12 tu kati ya mitupo 64, kiwango kibovu kuliko chochote kilichowahi kuonekana katika fainali. Oriakhi alipata alama 11 na ribaundi 11. Lamb, ambaye hakufunga lolote katika kipindi cha kwanza, alifunga 12 katika cha pili. Walker alifunga 16. Connecticut ilishinda 53-41 na kutwaa ubingwa wake wa tatu, huku Calhoun akiwa kocha mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuutwaa.

Ni haki kusema kwamba bahati ilikuwapo. Mechi za alama moja na mbili zingeweza kugeuka. Laiti mtupo mmoja wa Arizona katika sekunde za mwisho ungezama, wale waliosema "timu ya mtu mmoja" wangekuwa wakisifiwa hadi leo. Lakini yale mawili yaliyoibeba hadi mwisho, yaani ribaundi na ulinzi wa mikono mirefu, yangeweza kuonwa kule Lahaina na yeyote aliyeondoa macho yake kwa Walker kwa dakika chache.

Leo subira ya aina ile ya Calhoun imekuwa ghali zaidi. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wamekuwa wakiruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima kama ilivyokuwa awali, na pia kuchuma fedha kutokana na majina yao. Kocha anayeona pengo mwezi Aprili hulijaza kwa mchezaji wa miaka 22 aliyekomaa kwingineko, badala ya kungoja mwanagenzi ajifunze kwa kuchapwa. Naye mwanagenzi anayewekwa benchi Desemba huwa amefunga virago kufikia majira ya joto.

Walker alichaguliwa wa tisa katika uteuzi wa NBA mnamo 2011, na Lamb akafuata wa 12 mwaka mmoja baadaye. Connecticut ilizuiwa kushiriki mashindano ya 2013 kwa sababu ya alama duni za masomo, na Oriakhi na Smith walihama. Napier na Giffey walibaki. Aprili 2014, wakiwa wanafunzi wa mwaka wa nne, walikutana na Kentucky katika fainali, timu iliyoanza na wachezaji watano wa mwaka wa kwanza. Napier alifunga alama 22, Giffey 10, na Connecticut ikashinda 60-54.